Babu alisema hajamteka mtu

Karani alisoma shtaka haraka haraka, kama mwalimu anayeita majina asubuhi: kupatikana na nyara za serikali kinyume cha sheria. Hakimu akamweleza mshtakiwa kwamba hatakiwi kujibu chochote, kwa kuwa kesi hiyo ni ya uhujumu uchumi na mahakama ile haikuwa na mamlaka ya kuisikiliza mpaka kibali kitoke kwa Mkurugenzi wa Mashtaka.

Mzee akajibu hivyo hivyo.

"Mheshimiwa, mimi sijamteka mtu. Tangu nizaliwe sijateka mtu. Aulizwe mwenyekiti wa kijiji."

Mabenchi yakacheka. Askari aliyekuwa mlangoni aliinamisha kofia ili asionekane anacheka naye. Hakimu alirudia kwa upole kwamba hatakiwi kujibu, akataja tarehe ya kuja tena, faili likafungwa. Yote yalichukua muda wa kunywa kikombe cha chai ya moto, na mzee alikuwa bado ameshika ukingo wa kizimba, akingoja mtu amwambie aliyemteka ni nani.

Mimi nilikuwa benchi la pili kutoka nyuma na sikucheka. Si kwamba nina adabu kuliko wale wengine. Neno hilo, nyara, nililijua. Nililijua miaka saba kabla ya siku ile, nikalifanyia kazi kwa misimu minne, nikalipwa mshahara kwalo, na katika miaka hiyo yote nilikuwa nakwenda kukaa barazani kwa mzee huyo huyo, juu ya kichwa changu kukiwa na kitu kilichomleta kizimbani.

Kwetu ni kando ya pori la akiba la Rungwa, ile barabara inayotoka Itigi kushuka kusini kuelekea Mbeya. Anayeijua barabara hiyo anajua vumbi lake na ndorobo wake, wale nzi wanaouma juu ya shati na jinzi. Watu wetu ni warina asali. Mizinga ya magome inatundikwa mitini, na mtu anaweza kukaa porini wiki mbili akirudi na madumu. Mzee ninayemsema, ambaye nitamwita Babu tu maana ndivyo tunavyomwita wote, alikuwa ndiye anayefungua msimu wa asali. Alisimama chini ya mti fulani na usinga mkononi, akanyunyiza maji, akawataja waliotangulia, kisha vijana wakaenda. Usinga ule ulikuwa wa mkia wa nyati, mpini wake umevikwa ngozi iliyong'aa kwa kushikwa. Ulikuwa wa baba yake. Siku ambazo hakuna tambiko ulining'inia juu ya mlango, na Babu aliushusha kufukuzia nzi wakati wa kula.

Kambini nilipelekwa na mjomba mwaka 2011. Msimu wa uwindaji wa kitalii hufunguliwa tarehe 1 Julai, na mwezi mmoja kabla yake kambi zinahitaji vibarua wa kufyeka njia, kujenga vibanda na kuchimba vyoo. Mjomba alikuwa mchunaji. Hiyo kazi ukiitaja mjini watu wanadhani ni kazi ya bucha. Si hivyo. Mtu wa bucha anaitaka nyama na ngozi anaitupa pembeni. Mchunaji anaitaka ngozi, na nyama wanaichukua wengine.

Aliniweka kwenye banda lake niwe msaidizi. Siku ya kwanza sikugusa kisu. Nilichota maji, nilipasua kuni, nilikoroga pipa ambamo fuvu la nyati lilikuwa likichemka. Harufu ya pipa lile sitaieleza, ila nitasema kwamba kwa wiki nzima chakula chote kilikuwa na ladha yake. Siku ya tatu mjomba akanipa kisu kidogo, kidogo kuliko cha kumenyea viazi, akaniketisha mbele ya sikio la pongo.

"Ligeuze," akasema.

Sikio la mnyama lina gegedu katikati, na ngozi pande mbili. Kazi ni kuitenganisha ngozi ya nyuma na gegedu mpaka sikio lote ligeuke ndani nje kama soksi, bila kulitoboa. Kisha midomo: inapasuliwa kwa ndani ili chumvi iingie. Kisha kope. Kisha pua. Ukiacha kinyama cha ukubwa wa ukucha mahali hapo, chumvi haifiki, panaoza, manyoya yanang'oka, na mteja aliyelipa maelfu ya dola anapokea huko kwao uso wa mnyama wenye upara. Mjomba alikuwa anasugua chumvi kwa kiganja, nyingi, kila kona, akaikunja ngozi, akaiacha itoe maji, akaikung'uta, akaweka chumvi nyingine. Halafu kivulini. Mwanamume wa makamo aliyekuwa akianika ngozi juani kambi ya jirani, mjomba alimsema msimu mzima kana kwamba alimkosea yeye binafsi.

Hapo bandani ndipo nilipolisikia neno kwa mara ya kwanza likitumika kama neno la kazi. Gari likirudi jioni, mpishi aliuliza "nyama ipo?" Mjomba yeye aliuliza "nyara ipo?" Walikuwa wanauliza habari za mnyama mmoja. Paja, mbavu, maini, vilikuwa nyama, na vilikwenda jikoni, na vingine vikapelekwa kijijini kwa gari. Kichwa, pembe, ngozi ya shingo na mabega, kwato kama mgeni amezitaka, vilikuwa nyara, na vilikuja kwetu na kibao chenye namba. Ili wote waweze kula, mfuatilia nyayo mmoja aliyekuwa Mwislamu alikuwa na kazi ya kumkimbilia mnyama na kisu kabla roho haijatoka. Nako kulikuwa na ugomvi mdogo wa kila mara: yeye alitaka kuchinja juu, penye koo, na mjomba alimpigia kelele asiharibu ngozi ya shingo. Walikubaliana baada ya misimu mingi kwamba kisu kipite mahali fulani panapoweza kushonwa. Nyama ikawa halali na nyara ikawa salama.

Mgeni naye alikuwa na maana yake ya neno hilo. Kulikuwa na mmoja, mtu mzima, mpole, alikuja kwa siku 21 na kila asubuhi alitusalimia "jambo" wote kwa zamu. Alikuwa anatafuta nyati. Siku ya kumi na kitu alimpata dume mzee, mmoja wa wale wanaotembea peke yao, masikio yamechanika, pembe zimekutana kwenye paji la uso mpaka zikawa kama jiwe. Kwa macho yangu sijaona nyati mzuri kama yule. Kamba ya kupimia ikatolewa. Upana wa pembe, pale zinapotanuka zaidi kwa nje: inchi 41 na nusu.

Mgeni akapima tena mwenyewe. Kisha akanyamaza. Usiku ule hakula.

Nilimuuliza mjomba kama mgeni anaumwa. Akanieleza kwamba huko London kulikuwa na mtaalamu wa kujaza ngozi za wanyama aitwaye Rowland Ward, ambaye mwaka 1892 alianza kuchapisha rekodi za vipimo vya wanyama wa kuwindwa, na rekodi hizo zinaendelea mpaka leo. Nyati wa huku anaingia kuanzia inchi 42. Huyu kapungukiwa nusu.

"Mnyama mzima kafa," nikasema, "nusu inchi?"

"Yeye hakuja kutafuta mnyama mzima," mjomba akajibu, akaendelea na sikio.

Nimelifikiria jibu hilo mara nyingi, na sipendi kulifanya kuwa hukumu juu ya yule mgeni. Alilipa ada yake yote, askari wa wanyamapori aliyefuatana naye aliandika kwenye kibali palepale, na hata mnyama anayejeruhiwa akapotea huko vichakani hulipiwa kama aliyepatikana. Kwenye karatasi mambo yalikuwa yamenyooka kuliko ya wengi ninaowajua. Ninachosema ni kwamba kwake yeye nyara ilikuwa kipimo. Kwa mjomba ilikuwa ngozi isiyooza. Na kwa askari, kama nilivyokuja kujua mwisho wa msimu, ilikuwa kitu kikubwa kuliko vyote viwili.

Siku ya kufunga kambi nilipanga begi langu. Ndani niliweka nyama ya nyati iliyokaushwa, kama kilo mbili hivi, ya mama, na bangili niliyoisuka mwenyewe kwa singa za mkia. Nyama ile ilikuwa ya halali kabisa, tumeila miezi mitatu mbele ya askari na yeye akila nasi. Mjomba akaja, akafungua begi langu bila kuniomba, akatoa nyama, akatoa bangili.

"Hii ni nyara," akasema.

Nikacheka. "Mjomba, hii nyama!"

"Ndani ya kambi ni nyama. Ukivuka geti bila karatasi ni nyara ya serikali, na wewe ni jangili."

Nilidhani ananitisha ili bangili aichukue yeye. Akamwita askari. Askari, kijana wa makamo yangu, akaitaja sheria kama anayesoma dua aliyoikariri: Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori namba 5 ya mwaka 2009. Nyara, kwa mujibu wake, ni mnyama yeyote, awe hai au amekufa, na pembe, jino, mfupa, kucha, kwato, ngozi, nyama, nywele, unyoya, yai, au sehemu nyingine yoyote ya mnyama, pamoja na kitu kilichotengenezwa kwa sehemu hizo. Alipofika "kitu kilichotengenezwa" alinyanyua bangili yangu kwa kidole kimoja.

"Hata yai?" niliuliza.

"Hata yai la kanga wa porini."

"Hata akiwa hai?"

"Hata akiwa hai, anatembea zake."

Hilo la mwisho lilinichekesha zaidi. Nyara inayotembea, inakula majani, haijui kwamba ni nyara. Basi nilirudi nyumbani na hadithi hiyo kama zawadi, badala ya nyama. Niliisimulia kwa Babu, barazani kwake, watu wamejaa. Nikaigiza sauti ya askari. Watu walicheka, Babu alicheka mpaka akakohoa, akashusha usinga mlangoni akafukuza nzi kwenye ugali.

Nataka nikae kidogo hapo, kwa sababu hapo ndipo kosa langu lilipo. Nilikuwa nimekariri maneno "nywele" na "kitu kilichotengenezwa", nikayatamka kwa sauti, huku singa za mkia wa nyati zikipita mbele ya uso wangu. Sikuona. Niliona usinga wa Babu. Kitu ukishakijua kwa jina moja tangu utotoni, jina la pili halikishiki.

Na Babu je? Babu aliisikia hadithi yote, lakini katika hadithi yangu nyara ilikuwa mambo ya kambini, ya wageni na kamba za kupimia. Hakuna aliyewahi kusema kijijini kwetu "nina nyara nyumbani". Tunasema kitoweo. Tunasema windo, au mawindo, kwa kile msasi anachorudi nacho. Tunasema pembe, ngozi, mkia, kila kitu kwa jina lake. Neno nyara mwanakijiji analisikia mahali pawili tu. Kanisani, pale Isaya anaposema watu watafurahi kama wanaogawanya nyara, yaani vitu walivyomnyang'anya adui vitani. Na redioni: fulani ametekwa nyara, meli imetekwa nyara, watoto wametekwa nyara. Kwa masikio ya Babu neno hilo halikuwahi kutembea bila kuteka. Karani aliposema "kupatikana na nyara", mzee alitafuta kichwani mwake ni mtu gani aliyepatikana naye.

Kusema kweli, Babu alikuwa karibu na Kiswahili kuliko sisi tuliocheka. Nyara ni neno la vita. Ni ngawira, ni kile mshindi anachokichukua kwa nguvu. Waliotafsiri sheria walikuwa na neno la Kiingereza mezani, trophy, na lenyewe lilitoka vitani: Wayunani wa kale walikuwa wakitundika silaha za adui kwenye mti mahali pale alipogeuka kukimbia, na jina la mti ule uliovikwa silaha likasafiri mpaka likawa kichwa cha nyati ukutani. Waingereza wanalitumia hata kwa kombe la mpira. Sisi Simba na Yanga wanagombea kombe, hatusemi wanagombea nyara, na ingekuwa ajabu kidogo kumsikia mtangazaji akisema nahodha amenyanyua nyara. Tafsiri haikukosea. Ila ilichukua neno lenye damu ikaliweka kwenye yai la kanga, na hakuna aliyepita vijijini kueleza.

Sina maana kwamba serikali haikusema chochote kuhusu ujangili. Ilisema sana. Oktoba 2013 ilikuja Operesheni Tokomeza, msako wa majangili, na kwetu hakuna asiyeikumbuka. Mwezi uliofuata ilisimamishwa kwa malalamiko ya namna raia walivyotendewa, na Desemba mawaziri wanne wakapoteza nafasi zao kwa ajili yake. Katika wiki zile watu walitupa vitu usiku. Ngozi za kulalia, mishale ya marehemu babu zao, hata kobe mmoja aliyekuwa akichezewa na watoto aliachiwa akaenda. Babu hakutupa kitu. Nilimuuliza baadaye kwa nini. Akasema redioni walikuwa wanatafuta watu wa pembe za ndovu, na yeye ndovu hakuwahi hata kumrushia jiwe.

Waliofika kwake mwaka 2018 walikuwa wanamtafuta mtu mwingine, mwenye nyama. Waliingia nyumba baada ya nyumba. Nyumbani kwa Babu hawakukuta nyama, wakakuta kitu kinaning'inia juu ya mlango, mahali ambapo kila mgeni lazima ainamishe kichwa ili asikiguse.

Nilipata nafasi ya kuongea naye siku ile ile ya mahakama, nje, kabla gari la mahabusu halijaondoka. Askari mmoja mwenye huruma alituacha dakika chache chini ya mwarobaini.

"Shikamoo Babu."

"Marahaba mjukuu wangu. Umesikia wanavyosema? Mtu gani huyo?"

"Hakuna mtu, Babu. Ni usinga."

Akaniangalia.

"Usinga ndiyo nyara," nikasema. "Mkia wa nyati. Kwa sheria ni nyara ya serikali."

"Serikali iliuteka lini?"

Sikuwa na jibu la haraka. Sheria ile ya 2009 inasema wanyama wote ni mali ya umma, na kwamba wako chini ya Rais kama mdhamini kwa niaba ya wananchi. Nilijaribu kumweleza hivyo: nyati si wa mtu, ni wetu sote, Rais anatutunzia. Akasikiliza vizuri, akatikisa kichwa kukubali. "Basi na mimi nimo," akasema. Halafu akauliza tena usinga uko wapi. Nikamwambia ni kielelezo, umewekwa alama, umehifadhiwa. Akataka kujua kama wameuweka mahali pasipo na mchwa.

Ya thamani ndiyo yalinichanganya mimi mwenyewe. Kesi ya nyara huambatana na hati ya thamani, inayojazwa na ofisa wa wanyamapori. Mimi nilidhani watapima mkia: mkia mmoja mkavu, singa zimepungua, labda elfu kumi. Lakini mkia hauhesabiwi kama mkia. Unahesabiwa mnyama mzima, kwa kuwa mkia hauwezi kupatikana bila nyati. Kwa kanuni za mwaka 2012 nyati ni dola 1,900. Ndovu na twiga wao ni dola 15,000 kila mmoja. Kwa hiyo usinga wa Babu ulisomwa kuwa zaidi ya shilingi milioni nne, na adhabu ikipatikana hatia ni kifungo cha miaka 20 hadi 30, au faini isiyopungua mara kumi ya thamani hiyo. Nyati mwenyewe alikufa wakati wa ukoloni. Mwanawe Babu alipoambiwa hesabu hiyo alisema tu, "Mtego wa panya," hakumalizia, na hakuna aliyehitaji amalizie.

Dhamana ilikuwepo, kwa kuwa thamani haikufika milioni kumi, lakini ilitaka wadhamini wawili wenye vitambulisho na barua za watendaji, na watu wetu wengi walikuwa porini na asali. Ilichukua wiki tatu. Wiki tatu hizo mjomba, ambaye alikuwa ameshaacha kazi ya kambi kwa sababu ya mgongo, alikuja nyumbani kwangu kila jioni. Hakunilaumu kwa maneno. Siku moja tu aliuliza, "Ile siku ulipoleta hadithi ya askari, mlikaa wapi?" Nikamwambia barazani. "Upande gani?" Nikamwambia upande wa mlango. Akaguna, akaomba maji.

Yeye naye alikuwa amekaa barazani pale mara nyingi kuliko mimi. Aliyechuna nyati kwa miaka kumi na tisa, anayeweza kukuambia umri wa dume kwa kugusa pembe, hakuuona mkia ule. Tulilijua neno kazini tukaliacha getini pamoja na ovaroli.

Nilichofanya baada ya hapo ni kidogo. Nilianza kuwaambia watu, nyumba kwa nyumba, bila kuigiza sauti ya mtu. Niliacha kutumia neno nyara peke yake. Nilisema: ngozi ya kulalia ya chui uliyorithi, sheria inaiita nyara. Kipembe cha funo unachotilia ugoro, sheria inakiita nyara. Manyoya ya mbuni kwenye ngoma, nyara. Kipande cha nyama alichokuletea shemeji usiku, nyara, hata kama hujui kilikotoka, na zaidi sana kama hujui. Niliwaeleza kwamba kuna hati ya umiliki inayoombwa kwa maofisa wa wanyamapori kwa kitu kilichopatikana kihalali, na kwamba tangu kanuni za 2020 ziliporuhusu bucha za nyamapori, mtu anaweza kununua nyama ya swala mchana kweupe, ila risiti aitunze kuliko nyama yenyewe. Mama mmoja aliniuliza kama manyoya ya kanga anayefugwa na mwanawe ni nyara. Tulikwenda pamoja kumuuliza ofisa, maana hilo sikulijua. Ofisa naye alitaka kwanza amwone kanga.

Wako walionichukia. Mmoja alisema nimetumwa. Nikimwona bado hanisalimii.

Kesi ya Babu iliahirishwa kila baada ya siku kumi na nne, upelelezi haujakamilika. Kila safari ni nauli ya kwenda na kurudi, na mzee anapanda basi alfajiri amevaa koti lake la harusi za watu. Mwezi wa kumi na moja wakili wa serikali akasimama akasema Mkurugenzi wa Mashtaka hana nia ya kuendelea na shauri hilo. Hakimu akamwachia. Safari hii Babu hakusema neno. Alikuwa amejifunza kwamba hatakiwi kujibu.

Usinga haukurudi. Msimu wa asali uliofuata alifungua kwa tawi la mti, na vijana wengine walinong'ona kwamba ndiyo sababu asali ilikuwa haba, ingawa mwaka ule mvua ilikuwa haba pia. Baadaye mwanawe alichinja ng'ombe wa arusi, Babu akauomba mkia. Aliutengeneza mwenyewe, mpini wa mpingo, akaukausha kivulini, kama mjomba alivyomwelekeza, na chumvi. Ulipokuwa tayari alinituma kwa mtendaji wa kijiji.

Mtendaji alidhani natania. Aliniuliza mara mbili. Mwisho akachukua karatasi yenye nembo, akaandika kwamba mwenye usinga huu ni mkazi wa kijiji hiki, na kwamba mkia huu ni wa ng'ombe jike mwekundu, mali yake, aliyechinjwa kwenye arusi mbele ya mashahidi. Akaweka tarehe, akapiga muhuri. Babu aliitia ile karatasi kwenye mfuko wa nailoni, akaukunja, akaufunga kwa uzi kwenye mpini. Ukikaa barazani kwake sasa wakati wa kula, usinga unapopita unasikia nailoni ikichakarika.